Sardinia ya ndani: mwongozo wa siku nne kati ya minara ya mawe na kengele za kondoo

Ukishuka Sardinia mwezi wa nane utaona magari yote ya kukodi yanapinda upande mmoja, baharini. Sina ugomvi na bahari yao, ni nzuri kweli. Ila kisiwa hiki ni kikubwa, takribani kilomita za mraba 24,000, yaani mara tisa hivi ya Unguja na Pemba zikiunganishwa, na sehemu yake kubwa ni milima, malisho na vijiji ambamo kondoo ni wengi kuliko watu. Huko ndani ndiko iliko minara ya mawe inayoitwa nuraghe. Mabaki ya minara hiyo yaliyohesabiwa kisiwani kote ni kama 7,000, na mingi ilijengwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo.

Aliyezoea magofu ya Kilwa au Gede ataona tofauti papo hapo. Kwetu jiwe la matumbawe limeshikwa na chokaa. Kule hakuna chokaa wala udongo, jiwe limeshikwa na uzito wake mwenyewe, na limekaa hivyo miaka elfu tatu.

Mwongozo huu ni wa siku nne, kutoka Cagliari kusini mpaka Dorgali mashariki, kwa mtu mwenye gari dogo na moyo usio na haraka. Saa zote ni za Kiswahili. Kibao kikiandika 13.00, wewe soma saa saba mchana, na usiipuuze saa hiyo, nitaeleza.

1. Mwezi kwanza, mengine baadaye

Nenda Aprili, Mei, au mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Aprili na Mei majani ni mabichi, maua yamejaa kingo za barabara na mito bado ina maji. Julai na Agosti huko ndani ni jua la kuchoma, nyasi zimekauka rangi ya kahawia, na moto wa msituni ni hatari ya kweli hasa upepo wa maestrale ukivuma. Januari ni baridi na milimani theluji huanguka, lakini ina jambo lake: usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, vijiji vya Barbagia, eneo la milima katikati ya kisiwa, huwasha mioto mikubwa uwanjani. Ukiweza kuvumilia baridi, usiku huo una thamani kuliko wiki nzima ya Agosti.

2. Karatasi

Sardinia ni Italia, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji visa ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe ya kugharimia matibabu ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku kumi na tano kabla ya safari. Usisubiri zile siku kumi na tano. Aliye na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, iwe Ujerumani au Uholanzi, anakwenda nacho pamoja na pasipoti yake.

Leseni ya kimataifa ya udereva ichukue nyumbani kabla hujaondoka, maana ukishafika huipati tena. Na kadi ya benki iwe ya mkopo, yenye jina la dereva. Wengi wamefika kaunta ya magari na kadi ya kawaida iliyojaa pesa wakaambiwa haifai kwa dhamana.

3. Gari, na mambo ambayo hakuna anayekuambia

Mabasi yapo, lakini yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi na wafanyakazi: moja alfajiri, moja mchana, kisha kimya. Magofu mengi yako kilomita kadhaa nje ya kijiji. Kodi gari dogo kabisa, maana njia za vijijini zilipimwa kwa punda. Ukikaa kimya utapewa la gia za mkono. Kama unataka la otomatiki, agiza mapema.

Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo hapa hawana shida. Sisi wengine tunaoendesha kushoto ndio tunaotakiwa kuwa macho, kwa sababu Italia wanaendesha kulia, na kiplefti (jina lenyewe linadanganya) unaizunguka kwa kuingia mkono wa kulia. Barabarani penye magari mengi hutakosea, unafuata aliye mbele yako. Kosa linakuja asubuhi ya siku ya pili, umetoka kwenye lango la shamba, barabara tupu, umetulia, unajikuta upande wa nyumbani. Mimi niliokolewa na trekta lililonipigia honi ndefu, na mzee mwenye trekta akaniashiria kwa mkono mzima, taratibu, kama anayeelekeza ng'ombe.

Barabara kuu ni SS131, watu wanaiita Carlo Felice, kutoka Cagliari hadi Porto Torres kaskazini. Haina malipo, kisiwa kizima hakina barabara ya kulipia. Ina kamera za mwendo. Miji nayo ina maeneo yenye alama ZTL, kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ambayo gari la mgeni haliruhusiwi kuingia. Ukiingia kamera inakupiga picha na faini inakufuata hadi nyumbani.

Sheli za vijijini mchana hazina mtu, kuna mashine tu. *Benzina* ni petroli, *gasolio* ni dizeli. Mashine inapokea noti na hairudishi chenji, kwa hiyo kaa na noti za euro 10 na 20. Tangi likifika nusu, jaza.

Ramani pakua kwenye simu kabla ya kutoka mjini, kisha usiiamini sana. Mwaka 2019 huko Baunei, upande wa mashariki, waliweka mabango ya kuwaonya wageni wasifuate Google Maps, kwa sababu magari yalikuwa yanapelekwa kwenye njia za mbuzi na watu wanakwenda kuokolewa. Lami ikiisha na hukutegemea iishe, geuza. Dharura ni 112.

4. Saa saba mchana

Hili ndilo linaloharibu safari za watu. Kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi au kumi na moja jioni, maduka vijijini yanafungwa. Jikoni la mgahawa nalo linapokea watu saa saba hadi saa nane na nusu hivi, kisha basi, mpaka saa mbili usiku. Siku yangu ya kwanza nilifika kijiji kimoja saa tisa na njaa yangu. Madirisha yamefungwa yote. Paka mmoja ukutani. Nilikula karanga nilizopewa ndani ya ndege.

Kwa hiyo panga hivi: magofu asubuhi, chakula saa saba kamili, kisha pumzika au tembea porini, magofu mengine jioni jua likilegea. Na nunua maji, mkate na jibini kabla ya saa sita.

5. Siku ya kwanza: Cagliari hadi Barumini

Usikimbilie mawe. Anza na Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia pale Cagliari, juu ya mji, kwenye mtaa wa ngome. Nenda ukaone *bronzetti*, sanamu ndogo za shaba nyeusi zenye urefu wa shubiri moja hivi: wapiga upinde, wachungaji waliobeba kondoo mabegani, mama aliyempakata mwanawe. Watu wa nuraghe hawakuacha maandishi ya kusimulia maisha yao. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyokuonyesha nyuso zao, na ukiviona kwanza, huko mbele hutakuwa unaangalia kuta tupu.

Kisha endesha kama kilomita 60 kwenda Barumini. Hapo ndipo ilipo nuraghe ya Su Nuraxi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Hadi miaka ya 1950 ilikuwa kilima tu chenye mawe yaliyochomoza. Giovanni Lilliu, mwanaakiolojia aliyezaliwa hapohapo Barumini, ndiye aliyekichimbua, na ndani ya kilima ukatoka mnara mmoja wa kati, minara minne pembeni, na kijiji cha vibanda vya mviringo vilivyobanana kama seli za mzinga wa nyuki.

Huingii peke yako. Wanaingiza watu kwa makundi na kiongozi, kila baada ya nusu saa hivi, na ukifika saa tatu asubuhi kundi huwa la watu wachache. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, maana basalti imesuguliwa na miguu ikawa laini kama sabuni. Unapanda ngazi ya nje hadi juu, halafu unashuka ndani kwa ngazi nyembamba ya mawe. Hapo mkoba wa mgongoni utauvua uushike mkononi. Mwenye mwili ataingia kwa ubavu. Chini unatokea kwenye ua mdogo uliozungukwa na kuta, una kisima kirefu cha takribani mita 20, na mbingu unaiona juu kama kipande kilichokatwa kwa mkasi. Ndani ya mnara wa kati inua kichwa: kila safu ya mawe imesogea ndani kidogo kuliko ya chini yake, mpaka juu yanakutana. Hakuna boriti. Weka kiganja ukutani. Hata nje kukiwa kunachoma, jiwe ni baridi.

Lala Barumini au Tuili, kwenye *agriturismo*, yaani nyumba ya shamba inayopokea wageni na kupika mazao yake. Chakula cha jioni hapo hakina menyu, kinakuja tu, sahani juu ya sahani. Usishibe mwanzoni.

6. Siku ya pili: farasi, kisha kisima

Alfajiri panda Giara, uwanda wa basalti uliosimama juu ya vijiji kama meza. Juu kuna miti ya magamba ya kizibo, iliyochunwa ikabaki na shina jekundu kama mtu aliyevuliwa soksi, na madimbwi yanayoitwa *pauli* ambayo hujaa mvua za baridi. Hapo wanaishi farasi wadogo wa porini ambao mabegani hawafiki mita moja na nusu. Wakija kunywa maji asubuhi utawaona. Saa tano wameshajificha kivulini. Usiwafuate, kaa.

Baada ya chakula cha mchana shika SS131 kwenda kaskazini hadi Paulilatino, uingie Santa Cristina. Ningeambiwa nichague mahali pamoja tu kisiwani kote, ningechagua hapa. Juu ni nyasi na mizeituni mikongwe. Katikati ya nyasi kuna tundu la pembetatu, na ndani yake ngazi 25 zinashuka mpaka kwenye maji. Mawe yamechongwa kwa usahihi ambao mpaka leo unatia shaka macho, wembe haupiti. Ukisimama chini ukatazama juu, dari nalo ni ngazi, iliyopinduliwa, inashuka pamoja nawe. Wanasema ni kisima cha ibada, cha miaka elfu tatu iliyopita. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua hushuka ngazi hizo hadi majini, na siku hizo watu ni wengi mno, kwa hiyo kama si mpenzi wa kupiga foleni chagua jioni ya kawaida.

Nuraghe Losa iko karibu, pembeni ya barabara kuu kule Abbasanta. Ipitie ukiwa na nguvu. Kanuni yangu ni magofu mawili kwa siku. La tatu utaona mawe tu.

Mwenye siku ya ziada apinde magharibi kwenda Cabras. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakilima Mont'e Prama walikwaruza kichwa cha jiwe kwa jembe la trekta, na kutoka shamba hilo vikapatikana maelfu ya vipande vya majitu ya mawe, wapiga ngumi na wapiga upinde wenye macho ya duara mbili. Baadhi yake yako makumbusho ya Cabras.

7. Siku ya tatu: Barbagia, ambako unasalimia kwanza

Kutoka Abbasanta unaingia SS131 DCN kuelekea Nuoro, na milima inaanza kweli. Vibao vya barabarani utaviona vina matundu. Ni ya risasi, mengi ya zamani. Usishtuke, hakuna anayekulenga wewe. Ng'ombe na nguruwe hulala barabarani, na hawana haraka.

Nuoro yenyewe pita, labda uone nyumba alikozaliwa Grazia Deledda, mwandishi aliyepata tuzo ya Nobeli ya mwaka 1926. Nenda Orgosolo. Kuta za kijiji hiki zimechorwa picha zaidi ya 150, na si mapambo. Mwaka 1969 serikali ilitaka kuyafanya malisho ya pamoja ya Pratobello kuwa uwanja wa jeshi wa kupigia shabaha, na wanakijiji, wake kwa waume na watoto, wakaenda kukaa kwenye malisho yao mpaka jeshi likaondoka. Picha za ukutani zilishika kasi baada ya hapo. Tembea barabara kuu taratibu kuanzia juu kwenda chini, na usiwapige picha wazee waliokaa chini ya picha kama vile nao ni sehemu ya ukuta.

Hapa adabu ndiyo funguo. Kule hakuna shikamoo, lakini mzee asiyesalimiwa hukunja uso vilevile. Ukiingia baa (na baa kwao ni mahali pa kahawa kabla ya kuwa mahali pa pombe) sema *buongiorno* kwa wote waliomo, si kwa muuzaji peke yake. Wenyewe humwita mzee *tziu* na bibi *tzia*, yaani mjomba na shangazi, kama sisi. Wewe mgeni sema *signore* na *signora*. Hizo nyingine utapewa ruhusa. Mtu mweusi kijijini atatazamwa, sikufichi. Mara nyingi salamu yako inaligeuza tazamo kuwa swali: unatoka wapi? Jibu, nawe uliza kuhusu kondoo wake. Umepata saa nzima ya mazungumzo.

Mamoiada, jirani, kuna makumbusho ya vinyago. Nenda ukawaone Mamuthones: kinyago cheusi cha mti, ngozi ya kondoo, na mgongoni shehena ya kengele inayofika kilo 30. Wanacheza kwa kuruka pamoja, hatua moja, mlio mmoja. Aliyewahi kusikia njuga zikigonga kwa pamoja ngomani ataelewa mara moja kifua chake kinafanywa nini.

Kuhusu chakula. Mkate wao, *pane carasau*, ni mwembamba na mkavu kama karatasi, uliotengenezwa ili mchungaji akae nao malishoni wiki kwa wiki. *Culurgiones* ni kama sambusa laini ya kuchemshwa, ndani viazi, jibini na nanaa, imeshonwa kama suke la ngano. *Porceddu* ni mwananguruwe wa kuchoma na ndiye fahari ya meza. Muislamu aseme mapema anapoweka nafasi, na aulize neno moja zaidi: *strutto*. Ni mafuta ya nguruwe, na yamo kwenye unga wa *seadas*, ile kitindamlo ya jibini na asali ambayo kwa macho haina hatia yoyote. Nyama iliyochinjwa kihalali usiitegemee vijijini. Jibini, mboga, mayai na samaki vitakuvusha.

8. Siku ya nne: nyumba za jana, na mlima

Lala Dorgali au Oliena. Njiani utaona kibao *domus de janas*, na kila Mswahili hucheka. Si nyumba za jana. *Janas* kwao ni vijini vya kike, vidogo, na watu walipokuta vyumba vidogo vilivyochongwa mwambani walisema ni nyumba za vijini hivyo. Kwa kweli ni makaburi, mengine ya miaka zaidi ya elfu tano, na mwaka 2025 UNESCO iliyaingiza baadhi yake kwenye orodha yake. Kwa hiyo tafsiri yetu ya kimakosa haiko mbali sana. Ingia kwa kuchuchumaa, na tochi.

S'Ena 'e Thomes, kaburi la kale nje ya Dorgali, haina tiketi wala mlinzi. Unaacha gari, unafungua lango, unalifunga, unatembea kati ya vichaka. Kisha unaliona bamba la jiwe limesimama zaidi ya mita tatu na nusu, na chini yake kimlango ambacho mtoto tu angepita. Makaburi ya aina hii wanayaita makaburi ya majitu, lakini walizikwa watu wa kawaida, kwa pamoja, ukoo kwa ukoo. Nilikuwa peke yangu pale na kengele za kondoo kwa mbali. Mbwa walinzi wakikubwekea njiani, simama, usikimbie, zunguka kwa mbali huku ukiongea kwa sauti ya kawaida. Jioni kagua miguu, kupe wapo.

Mwenye miguu apande Tiscali, kijiji kilichofichwa ndani ya pango lililobomoka paa, juu ya mlima kati ya Dorgali na Oliena. Ni karibu saa mbili kupanda, kwa mawe, na sehemu nyingine utatumia mikono. Anza saa moja asubuhi, beba maji lita tatu kila mtu, na kama hukuzoea milima lipa kiongozi. Simu huko haishiki. Kutoka nje hutaona kitu. Unapenya ufa wa mwamba, na ghafla kuna kuta za vibanda, miti imeota katikati, na hewa imebadilika.

Kutoka Dorgali hadi uwanja wa ndege wa Olbia ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Jibini la kondoo ulilonunua liwe limekaza na limefungwa vizuri, uliweke kwenye begi kubwa. Mchanga, kokoto na makombe ya pwani usibebe hata kwa kumbukumbu, faini ni kati ya euro 500 na 3,000 na wanakagua mabegi. Vigae na mawe ya kwenye magofu ni kosa kubwa zaidi. Rudisha gari na tangi likiwa limejaa, na lipige picha pande zote nne kabla hujakabidhi funguo.